Mpwa wangu kaandika "kufa" kwenye sifa za viumbe hai, mwalimu kakata. Nani yuko sahihi?

Fundi wa Chuno (saa 1:08 usiku)

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada wa haraka kabla mtoto hajalala, na wale watani wangu wa Lindi nawaomba wajizuie walau dakika kumi.

Mimi ni fundi wa mashine za kupulizia salfa hapa Mtwara mjini. Mwezi huu wa Julai ndio zinaletwa kwa fujo. Mikorosho inatoa maua, ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe, haungoji mtu, kila mkulima anataka yake iwake leo. Nikirudi nyumbani mikono ina oili hadi viwikoni na akili imeisha. Hapo ndipo mpwa wangu, mtoto wa dada, darasa la tano, ananivizia na daftari. Baba yake yupo, amekaa palepale anasikiliza mpira redioni. Lakini kwetu Wamakonde ukoo unahesabiwa kwa mama, mjomba hana pa kukimbilia. Kwenye mahari unaitwa wewe, kwenye ugomvi unaitwa wewe, na kazi za nyumbani za sayansi nazo wewe.

Swali lilisema: "Taja sifa saba za viumbe hai." Sote tulilikariri kwa fimbo: kula, kupumua, kukua, kujongea, kuhisi, kutoa takamwili, kuzaliana. Kaziandika zote saba, mwandiko wa duara kama wa mama yake. Halafu akaongeza ambayo hakuulizwa:

"8. Kufa. Isipokuwa mkorosho wa bibi."

Mwalimu kapiga kosa kwa kalamu nyekundu, kaandika pembeni: "Umeulizwa saba. Rudia." Na mtoto kagoma kurudia. Anasema yuko tayari kufuta akionyeshwa uongo uko wapi.

Niwaeleze habari ya huo mkorosho, maana bila hiyo mtadhani mtoto ana homa. Mama yangu ana shamba Nanyamba. Kuna mkorosho mmoja nyuma ya jiko, mkubwa, wa zamani kuliko mimi. Ulikuwa unazaa korosho vidogo kama harage, tena kwa msimu. Akaja bwana shamba, akashauri ukatwe. Ukakatwa, kikabaki kisiki cha kufika kiunoni. Mama alilia kama amefiwa. Hakumpikia bwana shamba chai, na kwa mama yangu hiyo ni laana. Baada ya muda kisiki kikatoa machipukizi, bwana shamba akarudi na vikonyo kutoka kwenye mti mwingine kabisa, akabebesha, yaani akavipachika kwenye yale machipukizi vishikane. Leo ni mti mzima, una kivuli, korosho zake nene. Mama anauita "marehemu". Anasema, "Nenda ukaniokotee korosho za marehemu." Mtoto amekulia kwenye lugha hiyo.

Sasa mimi ninavyoliona. Kuna mzee wa Nanguruwe ananiletea mashine ileile kila mwaka. Nimeshambadilishia pistoni, ringi, kabureta, plagi, tangi, bomba la kupulizia, kamba ya kuwashia, na mwaka jana silinda. Kilichobaki cha asili ni fremu na jina lake alilolichora kwa msumari. Yeye anasema ni mashine yake ya siku zote. Mimi nasema ile ya kwanza ilishakufa, tena nimeizika kwa awamu kwenye lile pipa la vyuma chakavu. Tumebishana hadi chai ikapoa.

Kwa hiyo swali ni hili: kufa ni sifa ya kiumbe hai au si sifa? Na ule mkorosho ulikufa au haukufa? Jibuni kama watu wazima, mtoto anasoma nikiwa namshikia simu.

Ng'ambo ya Kitunda (saa 1:19 usiku)

Dakika kumi zimeisha.

Fundi, kufa si sifa ya viumbe hai. Kufa ni sifa ya mashine zilizopita mikononi mwako.

Haya, sasa kwa heshima ya mtoto. Mwanangu, shikamoo nimeipokea. Mimi navusha watu kwa boti kati ya Lindi mjini na Kitunda, kwa hiyo elimu yangu ni ya majini. Kuna samaki anaitwa silakanti. Wataalamu walimjua kwa mifupa iliyogeuka mawe tu, wakasema alitoweka pamoja na wale mijusi wakubwa, dinosaria, miaka milioni 66 iliyopita. Msiba ukatangazwa, tanga likaanuliwa, vitabu vikaandikwa. Mwaka 1938 huko Afrika Kusini meli ya uvuvi ikamtoa mzimamzima, na mama mmoja wa makumbusho, Marjorie Courtenay-Latimer, ndiye aliyemwona kwenye rundo la samaki akajua huyu si wa kawaida. Na mwaka 2003 akavuliwa hapa kwetu, karibu na Songo Mnara, Kilwa. Kwa hiyo marehemu wa miaka milioni 66 alikuwa mkoani Lindi muda wote, anakula, anazaa, hana habari na rambirambi.

Ila na wa upande wa pili pia tunaye. Yule mjusi mkubwa wa Tendaguru, kilima cha huku kwetu Lindi, alikufa kweli, miaka kama milioni 150 iliyopita, na baada ya kufa ndipo akaanza kusafiri. Wajerumani walichimba kuanzia mwaka 1909 hadi 1913, babu zetu wakabeba mifupa vichwani kwa siku kadhaa za mguu hadi bandari ya Lindi. Sasa amesimama Berlin, kimo zaidi ya mita 13, watu wanalipa kiingilio kumtazama. Mimi niko hai, nina afya, na hakuna aliyewahi kulipa kiingilio kunitazama.

Mwalimu mpe pole.

Fundi wa Chuno (saa 1:26 usiku)

Umeulizwa habari ya mkorosho umeleta samaki na mjusi. Ndiyo maana Lindi hamfiki.

Mtoto anauliza: huyo samaki aliyekufa miaka milioni 66 ndiye huyohuyo aliyevuliwa, au ni mjukuu wake?

Ng'ambo ya Kitunda (saa 1:28 usiku)

Ni mjukuu wa mjukuu wa mjukuu, endelea hivyo hadi bando liishe.

Fundi wa Chuno (saa 1:29 usiku)

Anasema basi yule wa kwanza alikufa, na wewe umedanganya.

Ng'ambo ya Kitunda (saa 1:30 usiku)

Mtoto huyu akikua asije Lindi.

Binti wa Newala (saa 1:41 usiku)

Kaka Fundi, nimeona uzi huu nikiwa na asaimenti yangu mwenyewe ya kukabidhi kesho asubuhi hapa chuoni Dodoma, ya baiolojia, kwa hiyo nafanya dhambi mbili kwa pamoja: nachelewesha kazi yangu na naharibu ya mtoto.

Kwa swali lilivyo, mwalimu yuko sahihi, na si kwa sababu ya idadi. Zile sifa saba ni za kumtambua kiumbe akiwa mbele yako sasa hivi, umtofautishe na jiwe. Ukiweka kufa, itabidi umsubiri afe ndipo useme, "Aa, kumbe alikuwa hai." Kipimo gani hicho?

Halafu si kila kiumbe kinalazimika kufa kwa uzee. Kuna yavuyavu mmoja wa baharini, jina lake la kitaalamu ni Turritopsis dohrnii, mdogo kuliko ukucha wa kidole chako cha mwisho. Akijeruhiwa au njaa ikimbana, anarudi utotoni. Mwili unajikunja, anajishikiza chini kama alivyokuwa kabla hajakomaa, anaanza maisha upya. Ni kama babu wa miaka sabini apate malaria, badala ya kwenda zahanati arudi kunyonya. Anaweza kurudia hivyo tena na tena. Lakini akipita samaki akammeza, basi. Uzee haumpati, mdomo unampata.

Seli zetu sisi za kawaida haziwezi. Ukizikuza maabara zinajigawa mara 40 hadi 60 hivi, zinagoma. Zilizokataa kugoma ni za saratani. Mwaka 1951 huko Baltimore, Marekani, mama mmoja mweusi, Henrietta Lacks, aliugua saratani ya shingo ya kizazi. Zikachukuliwa seli za uvimbe wake, yeye hakuombwa ruhusa. Alifariki mwaka huohuo, ana miaka 31, ana watoto watano. Seli zile zinajigawa hadi leo, ziko maabara za dunia nzima, zilitumika hata kwenye kazi ya chanjo ya polio. Mimi nikifika hapo huwa naacha utani kidogo. Mwenyewe ameondoka kijana, ugonjwa wake ndio umebaki kuishi.

Mkorosho sasa. Shina la chini ni la bibi, kichwa ni cha mti mwingine, na ule mti mwingine vikonyo vyake vimebebeshwa mashamba mangapi huko Masasi na Tandahimba, vyote mwili mmoja. Kwa hiyo swali zuri zaidi ni upi hasa ndio mkorosho wa bibi. Hapo nakuachia wewe na yule mzee wa Nanguruwe.

Fundi wa Chuno (saa 1:55 usiku)

Dada, ahsante. Nimemsomea polepole, amesikiliza mdomo wazi. Nikadhani tumemaliza, nikamwambia, "Umeona? Kufa si sifa kwa sababu inabidi usubiri." Kanitazama, kasema:

"Na kuzaliana je, mjomba? Mimi bado sijazaa."

Baba yake kapunguza sauti ya redio.

Ng'ambo ya Kitunda (saa 1:56 usiku)

Hahahaha. Mpeni huyu mtoto shamba zima la Nanyamba.

Binti wa Newala (saa 2:01 usiku)

Nimekaa dakika tano natafuta pa kutokea. Ningesema sifa ni za jamii nzima ya kiumbe na si za kila mmoja peke yake, lakini nikisema hivyo kufa nako kunaingia kwa mlango huohuo. Narudi kwenye asaimenti yangu kwa aibu.

Mchongaji Mikindani (saa 2:10 usiku)

Mimi si msomi, niongeze dogo. Ukikata mpingo unakuta nyeupe kwa nje na nyeusi katikati. Ile nyeupe ndiyo inayopandisha maji, ndiyo hai. Ile nyeusi ilishakufa, mti ukiwa bado umesimama na majani yake. Sisi nyeupe tunaitupa, haina bei. Tunauza nyeusi. Miaka yote nimelisha watoto kwa sehemu iliyokufa ya mti ulio hai.

Kwa hiyo mwambie binti kufa hakungoji mwisho. Kuko ndani, katikati, kunashikilia mti usianguke.

Binti wa Newala (saa 2:14 usiku)

Mzee wangu umenirudisha. Ni kweli kabisa, na hata sisi. Mkono wa mtoto tumboni huanza kama kijiko, hauna vidole. Seli za katikati zinakufa kwa mpango, vidole vinaachana. Kila mtu anayeandika kwenye uzi huu anaandika kwa vidole vilivyochongwa na kifo. Na gesi ya Msimbati inayotuletea umeme wa kuchajia simu huko nyumbani, asili yake ni viumbe waliokufa kabla ya huyo mjusi wa Berlin au baada yake, sijali, ila walikufa.

Sasa naondoka kweli.

Karanga za Stendi (saa 2:22 usiku)

Nimewasoma wote, hakuna aliyegusa kitu kimoja kisichokufa kabisa duniani: kazi ya nyumbani ambayo hukuifanya.

Fundi unanijua, tulikaa dawati moja. Unakumbuka zile hesabu za likizo ya Desemba tulizopewa tukiwa darasa la sita? Maswali mia moja. Mimi nilifanya kumi na nne, daftari "likapotea". Nilimwambia mwalimu limeliwa na mbuzi, na mbuzi kwetu hatukuwahi kuwa naye. Mwaka juzi nipo stendi ya Mtwara nangoja basi la Dar, nikanunua karanga za mia tano. Nafungua kikaratasi, naona mwandiko. Namba saba yenye kamkia. Nani mwingine anaandika saba yenye kamkia? Swali la kumi na tatu, nimekosea, halafu la kumi na nne, nimekosea vilevile. Karatasi imekuwa ya njano, lakini sehemu ya la kumi na tano iko wazi, inaningoja.

Nilikula karanga nikiwa naona haya.

Fundi wa Chuno (saa 2:27 usiku)

Wewe ni mwongo, hata darasa la sita ulikuwa mwongo. Miaka ishirini daftari linangoja karanga?

Karanga za Stendi (saa 2:29 usiku)

Kikaratasi ninacho. Nimekiweka kwenye kitambulisho cha kura.

Ng'ambo ya Kitunda (saa 2:31 usiku)

Swali la kijinga kwa wote. Ukiambiwa hufi, utafanya nini?

Karanga za Stendi (saa 2:32 usiku)

La kumi na tano. Lakini si leo.

Mchongaji Mikindani (saa 2:34 usiku)

Nitapanda mpingo mwenyewe ningoje ukomae. Kwa maisha haya unapanda wewe, anakata mjukuu, tena akiwa naye amezeeka.

Ng'ambo ya Kitunda (saa 2:36 usiku)

Mimi nitaendelea kuvusha watu. Nauli itapanda tu. Aliyeishi muda mrefu kuliko wote kwa kumbukumbu zilizothibitishwa ni bibi mmoja wa Ufaransa, Jeanne Calment, miaka 122, akafariki mwaka 1997. Miaka 122, na nina hakika hadi siku ya mwisho kuna mtu alikuwa anamdai sahani.

Fundi wa Chuno (saa 2:48 usiku)

Nimempigia mama Nanyamba, nikaweka sauti ya juu wote tusikie. Nikamweleza ugomvi mzima kuanzia mwalimu hadi yavuyavu. Akasema sisi sote tumesoma bure, jibu alishawapa wajukuu kabla hawajaanza shule. Akarudia hadithi ya kinyonga, ile ambayo kila bibi wa huku ana namna yake.

Kwa ufupi, Mungu alimtuma kinyonga awapelekee watu ujumbe kwamba hawatakufa. Kinyonga mnamjua. Hatua moja, anatikisika. Hatua ya pili, anafikiri. Akaona nzi, akasimama kula. Akapanda mti aone mbele, akageuka rangi, akajisahau. Huku nyuma Mungu akabadili mawazo, akamtuma mjusi na ujumbe mwingine, kwamba watakufa. Mjusi akaondoka mbio, akafika, akasema, watu wakapokea. Kinyonga alipotokea na habari njema jua limezama, akaambiwa tumeshaambiwa, neno likipokelewa halirudi.

Mama akamalizia hivi, maneno yake mwenyewe: "Kwa hiyo watu wanakufa kwa sababu kuna mtu alipewa kazi akaichelewesha. Na wewe fundi, mashine ya mzee wa Nanguruwe umeirudisha?"

Sijairudisha.

Kuhusu mti, nilimuuliza waziwazi, mama, ule mkorosho ulikufa au haukufa? Akanyamaza kidogo. Nikasikia anafukuza kuku. Akasema ulikufa, alikuwepo, aliona. Kivuli cha zamani kilikuwa kinafika mlangoni saa tisa alasiri, ndipo anapotoa mkeka. Hiki kipya kinafika kwenye kinu tu. Mkeka kauhamishia huko. Halafu akasema yeye akifa tusije tukambebesha, tumwache alale.

Binti wa Newala (saa 2:53 usiku)

Nimesoma hiyo ya kivuli mara tatu. Asaimenti bado aya ya kwanza. Mimi ni kinyonga.

Ng'ambo ya Kitunda (saa 2:55 usiku)

Sasa mtoto ameamua nini? Anafuta au hafuti?

Fundi wa Chuno (saa 3:04 usiku)

Tumekubaliana hivi. Ameandika upya zile saba kwenye ukurasa safi, kama mwalimu alivyotaka. Ya nane hakuifuta kwenye ukurasa wa zamani, ila amekata ile "isipokuwa mkorosho wa bibi" kwa rula, mstari mmoja ulionyooka. Nikamuuliza kwa nini, akasema bibi mwenyewe kasema alikuwepo.

Nikampongeza, nikamwambia akalale. Akafungua ukurasa wa nyuma. Wakuu, kumbe kazi ya kesho haijaguswa. Ile tuliyojadili saa mbili nzima ilikuwa masahihisho ya wiki iliyopita. Ya kesho ina maswali kumi, na la kwanza ni hili: "Taja njia tatu za kuhifadhi chakula ili kisiharibike." Nani anaanza?

Mchongaji Mikindani (saa 3:06 usiku)

Kukausha juani.

Karanga za Stendi (saa 3:06 usiku)

Kutia chumvi.

Ng'ambo ya Kitunda (saa 3:07 usiku)

Ng'onda.

Fundi wa Chuno (saa 3:08 usiku)

Ng'onda ni samaki, si njia. Na ameshakaushwa na kutiwa chumvi, kwa hiyo umerudia mbili za wenzako.

Ng'ambo ya Kitunda (saa 3:09 usiku)

Andika ng'onda. Mwalimu akikataa mwambie aje Kitunda.

Binti wa Newala (saa 3:11 usiku)

Kugandisha kwenye jokofu. La pili linasemaje?